Nilivyosafirishwa kwa bei ya magunia ya viwavi ili niwahi chuo Kampala (Kisangani, miaka ya vita)

Wakuu, habari za mchana. Na ninyi mnaosoma bila ku-login nawaona, karibuni pia.

Juzi humu kuna kijana kaweka uzi analalamika. Kapata admission nje, deadline wiki mbili, ada haijatimia, ndugu wanamzungusha. Watu wakamjibu kwa kejeli, wengine wakamwambia afunge na kuomba. Nikacheka, halafu nikakumbuka. Mimi mwenyewe niliyapitia hayo nikiwa binti wa miaka ishirini, na kwetu kulikuwa na vita.

Basi nimeona niandike. Nitasimulia kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga. Majina tu nimeyageuza, maana wahusika kadhaa bado wapo na siku hizi wana simu janja.

Kiswahili changu mnivumilie. Mimi ni wa Kisangani, Kongo. Nimeishi Mwanza miaka mingi, nimenyooka kidogo, lakini nikichangamka kile cha nyumbani kinarudi chenyewe.

Twende.

Papa yangu alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Butembo aliyehamia Kisangani kabla sijazaliwa. Duka lake lilikuwa Makiso, katikati ya mji: maharage, chumvi, sabuni, vitenge. Zamani mali zilipanda mto kutoka Kinshasa. Vita ya pili ilipoingia mto ukafungwa, na kila kitu kikawa kinakuja kwa ndege kutoka mashariki.

Chumvi kwa ndege, wakuu. Bei yake muiwaze wenyewe.

Mjini kulikuwa na majeshi mawili ya nje, marafiki kwa jina tu, kila moja na upande wake. Siasa sitaingia, mods msije mkanifungia uzi.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina diploma ya Serikali na sina pa kuipeleka. Binamu wa mama yangu, tuliyemwita Yaya Véro, yaani dada mkubwa, alikuwa fundi cherehani Kampala. Yeye ndiye aliniombea nafasi kwenye chuo kimoja cha uhasibu, na nikakubaliwa.

Tatizo ni safari ya hiyo barua ya kukubaliwa. Posta ilikuwa imekufa. Barua ilitoka Kampala mfukoni mwa mfanyabiashara mmoja, akaugua Butembo, akamkabidhi mwenzake, na huyo mwenzake akaenda kwanza kuoa. Iliponifikia ilikuwa imekunjwa mara nane, na zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili tu.

Ilikuwa ya Kiingereza. Nyumbani hakuna aliyejua Kiingereza. Tuliisoma wote kwa zamu, papa, mama na mimi, tukaelewa vitu viwili: tarehe, ambayo ilikuwa siku ya Ijumaa, na dola mia sita. Karatasi ndogo ya Yaya Véro ndiyo ilitufafanulia. Usipofika Ijumaa hiyo mwenyewe, na pesa yote, nafasi anapewa anayefuata.

Papa aliikunja ile barua mara nane tena, kwa mistari ileile, akasema, "Bon. Ada ni yangu. Nauli ni ya familia."

Hapo ndipo alipoingia Tonton Faustin.

Tonton Faustin alikuwa mdogo wake papa. Mwalimu wa shule ya msingi, mshahara hajauona muda mrefu kiasi kwamba alikuwa akiutaja kama marehemu. Suti moja ya kahawia, sauti ya kusomea misa. Hakuna ndoa wala msiba mtaani kwetu ambao hakuuongoza. Nilimpenda sana, na bado nampenda, liwekeni hilo akilini kwa sababu nitamsema.

Siku ileile akaunda comité ya safari. Yeye président, wajomba na majirani wajumbe, mimi katibu kwa sababu ya mwandiko.

Wakuu, kamati ni kamati, iwe Kisangani iwe Kinondoni.

Kikao cha kwanza, michango ilipatikana dola thelathini na moja. Bia za wajumbe, kumi na mbili. Kikao cha pili, ishirini na mbili ziliingia, kumi na tisa zikatoka, kwa sababu président alieleza kwamba comité imechoka na inahitaji nguvu. Kikao cha tatu agenda ilikuwa kununua daftari jipya la mahesabu. Nikaandika yote hayo kwa mwandiko wangu mzuri.

Siku kumi zikaondoka hivyo. Nauli ya abiria kwa ndege hadi Beni, mji wa mashariki karibu na Uganda, ilikuwa dola mia moja, bado gari la kutoka Beni hadi Kampala. Mkononi tulikuwa na ishirini na mbili.

Siku moja tunachambua sombe, yaani kisamvu, uani, mama akaniambia bila kuinua uso, "Mutoto, hii pesa inakunywewa. Tafuta kitu yenye haikunywewe."

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliuza sokoni miaka ishirini. Nilimwelewa.

Kikao kilichofuata, katibu akaomba neno. Nikasema kwa Kifaransa kizito kwamba, kutokana na kuporomoka kwa faranga, comité ipokee michango ya vitu badala ya fedha. Tonton alifurahi sana. Alisema anaona tayari elimu ya uhasibu imeanza kuingia. Ikapita kwa kauli moja.

Vitu vikaja. Jirani mwenye ndugu Banalia akaleta mchele. Familia moja ya wavuvi wa Yanonge waliokuwa wanapanga nyuma yetu wakaleta samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kuku wawili, mawese, sabuni. Kuna mzee alileta kiti. Mpaka leo sijui alitaka nikae wapi nacho.

Wajumbe walikuwa wanalitazama lile rundo kwa huzuni. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kizibo.

Mama akabeba vyote sokoni isipokuwa kile kiti, akauza, na akanunua kitu kimoja tu: magunia mawili ya mbinzo.

Ngoja niwaeleze. Mbinzo ni viwavi wa msituni, wanachemshwa, wanakaushwa, wanaliwa. Msikunje pua. Ni watamu, hawaozi haraka, ni wepesi, na ule ulikuwa msimu wao, kwa hiyo bei ilikuwa chini. Na Yaya Véro alikuwa amewahi kuandika kwamba Wakongo wa Kampala wanaota mbinzo kama watu wa jangwani wanavyoota maji.

Hesabu ya mama ilikuwa fupi. Pesa ikipita vizuizi vya askari inaibiwa. Viwavi wakipita, askari wa nje anakunja pua.

Basi tukawa na mali. Bado ndege.

(Samahani wakuu, nilikuwa naepua sufuria. Naendelea.)

Uwanja wa Bangoka uko mbali na mji, saa moja na nusu kwa toleka, yaani baiskeli ya abiria. Mama na mimi tukaenda kumwona mtu mmoja anayeitwa Dieudo, aliyekuwa anapakia mizigo kwenye ndege za wafanyabiashara wa Beni. Alikuwa mnene, mpole, kalamu mbili masikioni, moja kila upande.

Dieudo akatueleza ukweli. Viti vya abiria vimejaa kwa siku kumi na zaidi. Kila siku anakuja mtu na karatasi ya mkubwa fulani, na aliyekuwa kwenye orodha anashushwa. Hata ukiwa na dola mia, utakuja hapa kila asubuhi na utarudi nyumbani.

Mimi machozi yakaanza. Mama akamuuliza kitu kingine kabisa: mizigo je?

Mizigo ilikuwa na nafasi. Ndege zilikuja zimejaa maharage na kurudi nusu tupu. Bei, senti sitini kwa kilo.

Mama akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, vile anavyotazama mbuzi sokoni.

Dieudo akaelewa kabla yangu. Akakuna shingo. Akasema mzigo unaweza kuwa na mwenye mzigo wa kuulinda, lakini mwenye mzigo naye ni abiria na abiria hawaruhusiwi. Akachomoa kalamu moja. Kisha akasema, "Sasa, mzani haijue kusoma. Inapima tu."

Nilipanda mzani. Kilo hamsini na tatu. Magunia yangu mawili yalikuwa kilo arobaini na nane. Kwenye karatasi ya mzigo angeandika: mbinzo, magunia manne, kilo mia moja na moja. Dola sitini na senti sitini, badala ya mia kwa kiti peke yake. Tuliuza kile kiti cha mzee, mama akaongeza ya kwake aliyokuwa ameificha, tukalipa, ikabaki ya lori.

Ndege ilikuwa Alhamisi. Ijumaa ya chuo ilikuwa wiki iliyofuata. Ingetosha, kama mbingu zingekubali.

Sasa kuna jambo la Tonton Faustin.

Comité ilikuwa imepanga sherehe ya kuniaga siku ya Jumamosi. Mbuzi alikuwa ameshapatikana, na président alikuwa anaandika hotuba ya kurasa tano. Tukiwaambia ndege ni Alhamisi, sherehe ingesogezwa Jumatano, wote wangejua, mtaa wote ungejua, na mtaa ukijua askari wanajua. Na binti wa mwenye duka akisafiri, kila mtu anajua hasafiri mikono mitupu. Jirani yetu mmoja aliagwa kwa ngoma, alivuliwa hadi viatu kabla ya kufika Bangoka.

Kwa hiyo mama na mimi tukamwambia Tonton kwamba ndege ni Jumapili.

Alifurahi. Alisema Jumapili ni siku njema ya kusafiri. Aliniuliza kama aweke methali moja au mbili kwenye hotuba, nikamwambia mbili.

Papa tulimwambia ukweli. Jumatano alinipa noti sita za mia mia. Alikuwa amezichagua kwa wiki nzima kwa wabadilisha fedha wa barabarani. Kwetu noti ya dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, hakuna anayeipokea. Ikiwa ya zamani, yenye picha ndogo ya kichwa, wanakucheka. Papa alizishika moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akazipitisha kidole pembeni, kama mtu anayekagua mchele.

Mama akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na diploma yangu na barua ya chuo. Akazika huo mfuko katikati ya gunia la pili, ndani ya viwavi.

Alhamisi asubuhi papa alikwenda kufungua duka saa yake ileile, kwa sababu Tonton hupita pale kila siku kusalimia. Asingekuwepo, Tonton angeuliza. Kuniaga kwake kulikuwa maneno mlangoni. "Ukifika, andika. Kama haukufika, andika tu."

Alitoka hata hakugeuka. Nilijua akigeuka hatafungua duka.

Mama na mimi tukapanda toleka mbili, magunia nyuma, kama watu wanaokwenda kuuza. Sikuwa na sanduku. Nilikuwa nimevaa suruali, juu yake gauni, juu yake vitenge viwili. Vizuizi vitatu njiani. Kila askari aliuliza ni nini, mama akafungua gunia la kwanza kidogo, askari akarudi nyuma hatua moja. Hesabu ya mama ilikuwa sahihi.

Mpaka kwenye ngazi ya ndege.

Pale alikuwepo askari tofauti. Mkongo mwenzetu, kijana wa huko mbali magharibi, anaongea Kilingala, bereti begani. Alikuwa na karatasi ya mzigo mkononi na alikuwa anahesabu kweli. Akahesabu magunia yangu. Akahesabu tena.

Akaniuliza hapa imeandikwa manne, mawili mengine yako wapi.

Dieudo alikuwa ndani ya ndege anapanga. Mama alikuwa nje ya kamba. Nilikuwa peke yangu na vitenge vyangu viwili, jasho linatiririka.

Nikasema, "Chef, ni mimi."

Akanitazama. Mpakiaji mmoja mtu mzima aliyekuwa amebeba gunia la mtu mwingine akapita katikati yetu, akasema bila hata kusimama, "Chef, alikula mbili mu njia. Ona tumbo."

Na kweli, kwa nguo zile nilikuwa na tumbo.

Yule askari hakucheka. Alinusa. Halafu sura yake yote ikabadilika, ikawa ya mtoto. Akauliza taratibu kama hizi ni mbinzo. Nikaitikia. Alisema hajaonja mbinzo tangu alipotoka kwao, na hakumbuki ni muda gani.

Akaichomoa bereti yake begani, akaikunjua kama bakuli, akafungua gunia.

Gunia la pili, wakuu.

Kiganja cha kwanza. Kiganja cha pili. Cha tatu akaingiza mkono hadi kiwiko, anatafuta wakubwa. Mimi nimekauka kama mali yenyewe. Mia sita ya papa iko chini ya vidole vyake.

Sijui nilipata wapi sauti. Nikamwambia, "Chef, hii iko na mchanga, tulinunua kwa kujaza tu. Nzuri iko mu ile ingine."

Akatoa mkono. Akanitazama kwa shukrani ya kweli, kama mtu aliyeokolewa. Akajaza bereti kutoka gunia la kwanza mpaka ikamwagika, akafuta kwa kalamu neno manne, akaandika mawili, na kunipungia mkono nipande.

Kwa hiyo mpaka Beni nilikwenda bila kuandikwa popote. Sikuwa hata mzigo.

Ndege sitaielezea sana. Ilikuwa ndege ya Warusi, haina viti, tumekaa juu ya magunia, rubani kavua shati. Nilitapika kwenye kitenge cha juu. Ndiyo faida ya kuvaa viwili.

Beni nikakaa hadi Jumamosi, lori la kwenda mpakani linasubiri kujaa. Jumapili mvua, lori likalala kwenye tope na sisi juu yake. Kama kweli ningeondoka Jumapili kama tulivyomwambia Tonton, chuo ningekisikia kwenye redio tu.

Jumatatu mpaka wa Kasindi. Afisa wa forodha upande wa pili akaniambia nifungue mali. Nikafungua. Akaangalia ndani, akafunga mwenyewe, akaenda kunawa mikono. Ushuru sikulipa. Nadhani hakujua aandike nini.

Jumanne jioni niko Kampala kwa Yaya Véro. Alifungua mlango, kabla hajanikumbatia mimi alikumbatia gunia.

Jumatano tukaenda benki kulipa ada. Nikatoa noti zangu sita kwa fahari, zimenyooka, hakuna mpasuko. Karani akashika ya kwanza, akanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Mbinzo wana mafuta, wakuu, na ule mfuko wa plastiki ulikuwa umepasuka. Lori, tope, uzito wa watu waliokalia gunia. Noti mbili zilikuwa na doa la njano kubwa kama yai.

Nne wakapokea. Mbili wakarudisha.

Papa alizipitisha kidole wiki nzima, na mimi nilikuwa nimezipaka mafuta ya viwavi. Nilikaa nje ya benki nikashindwa kulia. Bado siku mbili, pungufu dola mia mbili, na nchini hapo namjua mtu mmoja.

Yaya Véro hakunipa pole hata kidogo. Aliniuliza, "Na ile mali umeileta ya kupamba nyumba?"

Jioni ileile alipita kwa Wakongo wote anaowashonea. Alhamisi asubuhi tulitandika kitenge mlangoni, tukaweka kikombe cha kupimia. Sijawahi kuona kitu kama kile. Walikuja akina mama, walikuja wanafunzi, walikuja watu wa Kinshasa ambao kwa kawaida hawasalimiani na watu wa Kisangani. Mzee mmoja mwenye tai na mkoba alikula palepale kutoka kwenye kikombe, macho yakamlengalenga, na alipomaliza akaomba apunguziwe bei. Yaya Véro alikataa. Alisema machozi hayana punguzo.

Saa tisa gunia la pili lilikuwa tupu. Tukapata mia mbili, na zikabaki za chakula cha mwezi na daftari.

Ijumaa asubuhi tukamalizia ada benki, na saa nne niko ofisi ya chuo. Nilikuwa nimekariri sentensi moja ya Kiingereza, ya kusema nimekuja kuripoti. Nikaisema vizuri. Mama wa ofisi akanijibu kwa maelezo marefu sana. Nikairudia sentensi yangu. Akatabasamu, akagonga muhuri.

Hapo mngetegemea niishie. Nilicheka sana siku ile, mimi na Yaya Véro, tukiwawazia wajumbe.

Tulikuja kupata habari kwamba sherehe ilifanyika vilevile. Jumamosi Tonton Faustin alifika na suti na kurasa zake tano, ndipo mama akamwambia nimeshaondoka. Alizitazama kurasa zake. Halafu akasema mbuzi amekwisha kuchinjwa na watu wamekwisha kufika. Akasimama, akasoma hotuba yote mbele ya kiti kitupu, pamoja na zile methali mbili. Baada ya hapo alisema jina langu lisitajwe mbele yake.

Nilipoambiwa hivyo na mfanyabiashara aliyetoka huko, nilicheka pia. Nilikuwa na miaka ishirini.

Wiki ya pili ya masomo yale majeshi mawili yakapigana, katikati ya mji wetu. Mnaokumbuka mnakumbuka. Redio ya Kifaransa ilitaja Kisangani asubuhi na jioni, inataja maiti, haitaji mtaa. Simu hakuna. Nilikuwa naingia darasani, naandika yaliyoandikwa ubaoni, natoka sijui nimeandika nini.

Karibu wiki tatu sikujua kama nina familia.

Kisha akaja mtu kutoka Beni na bahasha. Mwandiko wa nje haukuwa wa papa wala wa mama. Ulikuwa wa Tonton Faustin.

Ndani kulikuwa na karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari. Hakukuwa na salamu. Ilikuwa orodha ya majina, nyumba kwa nyumba, mtaa wetu wote na mtaa wa nyuma. Papa yako, iko muzima. Mama yako, iko muzima. Wavuvi wa Yanonge, wote wazima. Yule mzee wa kiti, muzima, mkono umeumia. Majina arobaini na moja. Mbele ya majina mawili hakuandika kitu.

Baadaye mama alinieleza kwamba siku milio iliponyamaza, wakati watu bado wanaogopa kufungua milango, Tonton alivaa suti yake na kupita kila nyumba na kalamu. Alipoulizwa anafanya nini, alisema kuna mutoto iko Kampala anangojea.

Chini kabisa ya ukurasa wa pili aliandika maneno mawili: "Soma vizuri."

Nilirudi nyumbani baada ya miaka mitatu na cheti changu. Nilikwenda kwake kabla sijafika kwetu, nikapiga magoti, nikaomba msamaha wa ile Jumamosi. Aliniinua. Alisema kwa uwongo ule mimi na mama tulikuwa na haki, na angekuwa yeye angefanya hivyohivyo. Kisha akasema, "Lakini mimi ningenyamaza. Ungeniambia."

Alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa, kitandani kwake. Nilikuwa nimefika kwa wakati.

Sasa wewe kijana wa uzi wa juzi, kama unasoma.

Pesa ya ada usiiweke kwenye kamati. Michango ikusanywe na mtu mmoja asiye na kiu.

Noti zako ziwe safi, na uziweke mbali na chochote chenye mafuta. Beba kitu cha kuuza ambacho watu wa kwenu walioko huko wamekikosa, kitakuokoa siku ambayo noti zimekataliwa. Na deadline ikiwa Ijumaa, wewe hesabu kwamba ni Jumanne, kwa sababu mvua haisomi barua za chuo.

Tarehe ya safari ifiche. Hilo sijutii. Lakini usiwafiche wote. Chagua mmoja, hata kama ana mdomo mpana, mwambie, kisha umkumbatie. Mimi nilimhukumu mtu kwa bia zake, sikujua ana moyo wa namna gani.

Naomba na ninyi mniambie, wakuu: kuna mtu uliondoka bila kumuaga, na ulipata nafasi ya kumwangalia usoni baadaye? Andikeni hapa chini. Nitasoma kila moja, hata za wale waliokunja pua.